ID Yako Iko Mtaani Kitambo, Sasa Linda Laini

Kabla tuendelee, hesabu na vidole: mwezi huu pekee, namba yako ya ID umeiandika wapi? Kitabu cha soja pale geti ya jengo la tao. Kitabu cha ajenti ulipotoa doo. Fomu ya caretaker ulipohamia keja mpya. Saiba, siku ile ulienda kuprinti CV. Hospitali ulipopeleka mathe. Ile ofisi ulidropu makaratasi ya mboka na hawajawahi kukupigia hadi leo.

Vidole vimeisha? Poa. Sasa jiulize swali la pili: hivyo vitabu vikijaa, huwa vinaenda wapi?

Hujui. Hata soja hajui. Na hapo ndio ngori inaanzia, kwa sababu kila mtu anakwambia "linda ID yako" kana kwamba ID ni siri. Wacha tuambiane ukweli: namba yako ya ID si siri. Ilitoka mikononi mwako siku ya kwanza uliiandika kwa kitabu cha mtu mwingine na biro yake ya kufungwa na uzi. Kuilinda leo ni kufunga zizi na ng'ombe wako sokoni. Kitu unaweza linda ni kile mwizi anahitaji BAADA ya kupata hiyo namba. Na hiyo kitu ni laini yako ya simu.

Kaa rada, tuende polepole.

Huhitaji mdukuzi kuibiwa jina

Wengi wetu tukisikia wizi wa utambulisho tunafikiria kijana wa kofia, giza, kompyuta tatu, maandishi ya kijani kama kwa movie. Zii. Kenya ilishapata somo lake bila kompyuta hata moja kuvunjwa.

Unakumbuka Juni 2021? Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa ilifungua njia watu waangalie kwa eCitizen kama wameandikishwa kwa chama chochote. Wakenya kibao wakaingia kuangalia tu, na wakajikuta ni wanachama wa vyama hawajawahi hata kuvaa kofia yavyo. Wengine hawakuwa wamewahi kuhudhuria mkutano wowote wa siasa. Mtu alitumia majina na namba za ID kujaza orodha, na wenyewe walikuwa wa mwisho kujua.

Sasa fikiria. Kama majina yanaweza kutumika hivyo kujaza orodha ya chama, nini inazuia mtu kutumia yako kusajili laini, ama kuchukua mkopo? Chama unajiuzulu na maisha yanaendelea. Laini iliyosajiliwa kwa jina lako na kutumika kuibia shosho wa mtu huko ocha, hiyo ni story ingine. Makarao wakifuata ile laini, mtu wa kwanza wataona kwa skrini ni wewe. Utaeleza, na pengine utaaminiwa. Lakini utaeleza ukiwa umekaa upande gani wa kaunta?

Hii inaumiza mayouth kushinda wote

Wazee wako na mali ya kuibiwa. Sisi wengi tuko na jina tu. Na hilo jina ndio unabeba ukienda kutafuta kazi: cheti cha tabia njema kutoka DCI, karatasi ya KRA, ya HELB, ya EACC, na ya CRB juu. Ukiangalia vizuri, hizo karatasi zote zinauliza swali moja: huyu mtu ni msafi?

Sasa mtu akichukua mkopo wa thao mbili kwa jina lako kwa apu fulani na asilipe, wewe ndio utapatikana mchafu. Na hautajua siku hiyo. Utajua siku umepita intavyu, bosi amekupenda, umeambiwa leta makaratasi Jumatatu. Ndio maana wizi wa jina ni mbaya kuliko kunyang'anywa simu. Simu ikienda unajua dakika hiyo hiyo. Jina likienda, unaweza kaa miaka miwili ukipiga sherehe.

Kwa nini laini ndio kila kitu

Angalia maisha yako. M-Pesa iko kwa laini tangu 2007. M-Shwari ikaja 2012, Fuliza ikaja 2019, Hustler Fund ikaja mwisho wa 2022, zote zikakaa kwa laini hiyo hiyo. Apu ya benki ikitaka kuhakikisha ni wewe, inatuma namba kwa SMS. eCitizen, namba kwa SMS. Umesahau neno la siri la barua pepe? SMS. WhatsApp kwa simu mpya? SMS.

Maanake hizi kampuni zote zilikubaliana kitu moja bila kukuuliza: mwenye kushika laini ndiye wewe. Si sura yako, si ID yako. Laini.

Ndio maana wezi walibobea kwa kubadilishiana laini, ile mtaa huita kuswapu. Mchezo uko hivi. Jamaa ana jina lako na namba ya ID, hizo alipata rahisi. Anakupigia na sauti ya kastoma kea, Kiswahili safi, anakuita na majina yako yote matatu. Unashtuka: huyu amejuaje? Basi lazima ni wa kampuni. Anasema laini yako itafungwa leo sababu usajili haujakamilika. Anataka tu umsaidie na kitu kidogo: namba imetumwa kwa simu yako, ama bonyeza hii, ama taja hii. Ukiingia boksi, dakika chache baadaye simu yako inakosa netiwaki. Wewe unadhani ni stima imepotea kwa buster. Huko kwingine jamaa ameshika laini yako, anaosha M-Pesa, halafu anakopa juu.

Mulot, pale mpaka wa Bomet na Narok, imetajwa sana kwa operesheni za DCI sababu ya mchezo huu, hadi jina la mji likageuka utani mtaani. Si poa kwa watu wa huko wenye wanajitafutia na ng'ombe na mahindi yao. Na utani wenyewe unakudanganya: unakufanya ufikirie mwizi lazima atoke mbali. Anaweza kuwa ndiye alikusajilia laini pale chini ya mwavuli.

Na kuna njia ya pili, ya haraka zaidi. Simu imenyakuliwa kwa dirisha la mat pale Globe. Iko na loki, alama ya kidole, kila kitu. Unajipa moyo: hawezi fungua. Hahitaji kufungua! Anatoa laini, anaweka kwa mulika mwizi ya soo tano, na SMS zako zote zinaanza kuingia huko.

Sheria iko upande wako, lakini isome vizuri

Kuna kitu watu hupenda kusema mtandaoni: "Soja hana haki ya kuuliza ID." Si kweli, na usiende kuaibika geti. Sheria ya kusimamia kampuni za ulinzi ya 2016 inamruhusu kukuuliza kitambulisho, kuandika saa uliingia na saa ulitoka, na hata kukishika kwa muda. Lakini sheria hiyo hiyo inasema makaratasi yako hayatatumika kwa kazi ingine yoyote isipokuwa kukutambua, na unarudishiwa ukitoka. Soja naye ni msee kama wewe, analipwa kidogo na kusimama masaa kumi na mbili. Usimpigie kelele. Swali ni la mwenye jengo: kwa nini kitabu kinakaa wazi juu ya meza, kila mgeni anasoma namba ya simu ya aliyemtangulia?

Hapo ndio Katiba inaingia. Kifungu cha 31 kinakulinda usiulizwe habari zako za kibinafsi bila sababu. Halafu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ikaweka meno: anayechukua habari zako akwambie anachukulia nini, achukue zile anahitaji tu, na uko na haki ya kuuliza anazo gani, zirekebishwe kama ni za uongo, ama zifutwe kama hana sababu ya kukaa nazo.

Na si maneno tu. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza faini wadosi watatu kwa mpigo. Mulla Pride, kampuni ya apu za mkopo za KeCredit na Faircash, ilipigwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia jumbe za vitisho. Klabu ya Casa Vera ikapigwa 1,850,000 kwa kupost picha ya mteja bila ruhusa yake. Roma School ikapigwa 4,550,000 kwa kupost picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Mambo ya picha ya klabu, msee! Kama picha ya dunda inaweza kumgharimu mtu karibu milioni mbili, kitabu cha geti nacho si kitu kidogo.

Kupeleka malalamiko kwa hiyo ofisi hulipi kitu, na sheria inawapa siku 90 kumaliza uchunguzi. Upande wa jinai, Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018 inasema anayetumia neno la siri ama utambulisho wa kipekee wa mtu mwingine kwa ulaghai anaweza kutozwa faini hadi 200,000, ama jela hadi miaka mitatu, ama zote mbili. Kwa hivyo yule beshte yako "alikopa tu kidogo" na PIN yako, hiyo si utani wa base. Hiyo ni kesi.

Ya macho je?

Unakumbuka laini ndefu KICC, mwaka wa 2023, watu wakingojea kupigwa picha ya mboni ya jicho na Worldcoin ndio wapate karibu thao saba? Serikali ilisimamisha ile kitu Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ya mwili ifutwe. Siwezi cheka mtu alipanga laini, thao saba ni chakula ya wiki kadhaa na msoto haubagui.

Lakini chukua hii moja: PIN ikiibiwa unabadilisha. Laini ikiharibika unabadilisha. Jicho utabadilisha na nini? Ukiulizwa kitu ya mwili wako, bei iwe juu sana, na ikiwezekana jibu liwe zii.

Kazi ya leo usiku

Sasa, ulikuja kusoma ujue cha kufanya. Shika simu.

Kwanza, piga *106#. Itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa ID yako. Fanya hivyo kwa kila kampuni uko na laini yake. Ukiona namba huijui, usiipuuze eti "labda ni ile ya zamani." Nenda duka la kampuni na ID, itolewe. Na kama uliwahi kumsajilia mtu laini, yule demu wa 2021 ama binamu alikuwa hajapata ID, hiyo laini bado ni yako mbele ya sheria. Mwambie asajili kwa jina lake.

Pili, kama uko Safaricom, piga *100*100#. Hiyo inazuia laini yako kuswapiwa na ajenti wa mtaani. Mtu akitaka kuibadilisha itabidi aende duka la Safaricom lenyewe. Utasumbuka kidogo siku simu yako imepotea. Mwizi atasumbuka zaidi.

Tatu, weka PIN kwa laini yenyewe, si kwa simu tu. Iko ndani ya mipangilio ya usalama. Hivyo laini ikihamishwa kwa mulika mwizi, inauliza PIN na mchezo unaishia hapo. Chunga tu: ukikosea mara tatu inafunga, na utahitaji namba ya PUK iliyokuja na ile kadi ya laini. Itafute kwanza.

Nne, WhatsApp. Ingia mipangilio, akaunti, weka uthibitisho wa hatua mbili. Ni PIN ya namba sita. Bila hiyo, mwenye kushika SMS yako atashika grupu ya familia, na mjomba atatuma doo akidhani ni wewe uko hospitali.

Tano, piga *509# uone kama uko chama. Ni dakika moja, na inakwambia kama jina lako limeshatembea bila wewe.

Sita, chukua ripoti yako ya CRB. Kampuni zilizo na leseni ni tatu, Metropol, TransUnion na Creditinfo, na kila mwaka uko na haki ya ripoti moja bila malipo. Usingoje kuulizwa na bosi. Angalia leo, ndio kama kuna mkopo huujui, upinge ukiwa bado na muda.

Saiba na makaratasi

Hapa nitabonga pole pole kwa sababu ni mahali wengi tunalala. Mwezi wa sita ukifika, tarehe 30 ikikaribia, tunajazana saiba kufanyiwa ritani za KRA. Jamaa wa saiba anauliza PIN na neno la siri, anaandika kwa daftari, soo moja ama mbili, kwisha. Wengine akaunti zao zilifunguliwa na barua pepe ya saiba yenyewe. Maanake neno la siri likibadilishwa, linaenda kwa nani? Si kwako.

Nenda ukaangalie barua pepe na namba ya simu iliyo kwa akaunti yako ya KRA na ya eCitizen. Kama si zako, badilisha. Ukiskani ID kwa kompyuta ya saiba, hakikisha umefuta faili, hadi kwa pipa la takataka, na kama ulifungua WhatsApp hapo, toka kabisa. Jamaa wa saiba anaweza kuwa mtu mzuri sana. Anayekaa kwa hiyo kompyuta baada yako humjui.

Ukiulizwa fotokopi ya ID, andika juu yake kwa biro, ikikatiza katikati: "Ya kusajili keja pekee", na tarehe. Fotokopi ya hivyo ni ngumu kuitumia kuchukulia mkopo. Na usipost ID mpya Facebook eti umefika 18. Tutakupongeza bila kuiona.

Laini yako ya zamani nayo usiiache tu ife. Ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huirudisha sokoni na mtu mwingine anauziwa. Kabla uitupe, toa hiyo namba kwa benki, barua pepe, eCitizen na kila mahali.

Na ikishatokea?

Simu imekosa netiwaki ghafla na za wengine hapo ziko sawa? Usingoje kesho. Omba simu ya jirani, piga 100 kama ni Safaricom, laini ifungwe. Pigia benki. Kisha nenda polisi uandikishe na utoke na namba ya OB. Fanya vivyo hivyo ukipoteza ID. Hiyo OB ndio itakutetea siku mtu atasema ni wewe ulikopa, kwa sababu inaonyesha tarehe gani ID yako ilikuwa haiko kwako.

SMS za wakora zitume kwa 333, ni bure. Na kumbuka Safaricom wanasema wakikupigia ni kwa 0722 000 000 pekee. Hata hivyo, hata ikiwa ni hiyo namba, hata ikiwa ni sauti ya malaika, PIN na namba ya SMS hazitajwi kwa mtu. Hakuna mfanyakazi wa kweli anayezihitaji.

Lakini si sisi pekee

Kuna kitu moja sipendi na hizi ushauri zote, hata hii yangu: zinafanya ionekane ukiibiwa ni wewe ulikuwa fala. Si hivyo. Mkopo ukitolewa kwa jina lako bila wewe kuwepo, aliyefanya makosa ya kwanza ni yule aliyetoa mkopo bila kuhakikisha. Kujua namba ya mtu si kuwa huyo mtu. Jirani yako anajua jina lako la utani, hiyo haimfanyi aingie kwako kulala.

Kwa hivyo ukipata deni si lako, usianze kuomba msamaha. Wao ndio waonyeshe wewe uliomba lini, kwa laini gani, na doo ilitumwa wapi. Uliza kwa maandishi. Wakinyamaza, Kamishna wa Data yupo. Ukilipa "ndio yaishe", umekubali kwamba ulikuwa wewe, na atakayefuata ataibiwa vivyo hivyo.

Ukimaliza hizo namba zako za leo usiku, chukua simu ya mathe ufanye za kwake pia. Yeye ndiye hupigiwa akiambiwa laini yake itafungwa, na yeye ndiye huogopa kukata simu ya mtu anayebonga na heshima.